Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Mataifa Makubwa na Wajibu wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Baada ya alasiri huwa twakaa barazani hapa Langoni, Lamu, na tangu habari za El Fasher, mji wa Darfur magharibi mwa Sudan, zitufikie mazungumzo hayajatulia. Mzee wetu mmoja asema mataifa makubwa yana majeshi na ndege, na hata hapo kambi ya Manda wapo, basi kwa nini wasiingie Sudan kuwazuia wauaji? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana mmoja akamjibu kwamba mgeni huyu hajawahi kumponya mtu bure, na afadhali kila nchi iachiwe yake. Wewe wasemaje? Na sisi tusio na manowari tuna la kufanya, au ni dua tu? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mzee wenu na kijana wenu wanabishana juu ya hatua ya mwisho kabisa, ile ya kupeleka jeshi. Kabla ya kufika hapo kuna hatua nyingi, na mauaji makubwa ya zama zetu yalipata nafasi kwa sababu hatua hizo zilirukwa. Jibu langu ni kwamba mataifa makubwa yana wajibu wa kuzuia, na wajibu huo ni wa sheria, si hisani. Jeshi nalo lina wakati wake, lakini kwa masharti ambayo wenye majeshi hupenda kuyasahau.

Tuanze na sheria, kwa sababu barazani huwa inaachwa nyuma. Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari ulipitishwa Paris tarehe 9 Desemba 1948, ukaanza kutumika Januari 1951. Unataja matendo matano: kuua watu wa kundi fulani, kuwadhuru vibaya mwilini au akilini, kuwawekea hali ya maisha iliyopangwa ili waangamie, kuwazuia wasizae, na kuwachukua watoto wao kwa nguvu kuwapeleka kwa kundi jingine. Kinacholigeuza tendo kuwa kimbari ni nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, lote au sehemu yake. Wingi wa maiti peke yake hautoshi. Na tazama neno la kwanza katika jina la mkataba: kuzuia. Linakuja kabla ya kuadhibu.

Kwa karibu miaka 60 neno hilo lilibaki kama pambo. Kisha, tarehe 26 Februari 2007, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikaamua kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, na hukumu ile ndiyo ningependa isomwe barazani kwenu. Mahakama haikusema Serbia ndiyo iliyowaua Waislamu wa Bosnia mjini Srebrenica mwaka 1995. Ilisema Serbia ilivunja wajibu wa kuzuia, kwa kuwa ilikuwa na mkono juu ya wauaji, kwa fedha na kwa silaha, na haikuutumia. Ikaongeza mambo matatu mazito. Wajibu huanza pale nchi inapojua, au ilipopaswa kujua, kwamba kuna hatari kubwa. Haingoji maiti zihesabiwe. Uzito wake hupimwa kwa uwezo wa nchi kuwashawishi wauaji: ukaribu nao, na uhusiano wake nao wa kisiasa na wa kila namna. Na nchi haiwezi kujitetea kwa kusema “hata tungefanya lolote lisingefaa”, kwa sababu inahukumiwa kwa juhudi yake, sio kwa matokeo.

Lakini mahakama hiyohiyo ikasema kila nchi itende ndani ya mipaka ya sheria ya kimataifa. Hapo ndipo penye fundo. Hati ya Umoja wa Mataifa, ibara ya 2, inakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni miwili tu: kujilinda, chini ya ibara ya 51, na idhini ya Baraza la Usalama chini ya sura ya saba. Idhini hiyo inataka kura 9 kati ya 15, na asiwepo hata mmoja wa wale watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa) atakayepiga kura ya turufu.

Turufu hiyo inavyofanya kazi, wiki moja inatosha kuionyesha. Tarehe 18 Novemba 2024 Uingereza na Sierra Leone zilileta azimio la kutaka vita visimame Sudan na raia walindwe. Kura 14 zilikubali, Urusi ikazuia peke yake. Siku mbili baadaye likaja azimio la kusimamisha vita Gaza. Kura 14 zilikubali, Marekani ikazuia peke yake. Kila mmoja alikuwa na huruma kwa raia wa upande asiokuwa na rafiki.

Sasa nije kwa kijana, maana shaka yake ina mizizi, na mizizi hiyo iko pwani yetu wenyewe. Mwaka 1873, kwa vitisho vya manowari za Waingereza, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Biashara ile ilikuwa uovu usio na utetezi, na kufungwa kwake kuliokoa watu wengi, hilo lisipingwe. Lakini Oktoba 1890 manowari za taifa hilohilo zilishusha askari wakaichoma Witu kulipiza kisasi cha Wajerumani waliouawa, na kufika 1895 ukanda huu wote ulikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani hii mpaka 1907. Kwa hiyo mgeni aliponya, na akakaa, na akawa mwenye nyumba. Mtu wa Lamu asiyemwamini mwenye manowari hana ujinga wowote.

Hata hivyo shaka hiyo isitufikishe kwenye “kila nchi iachiwe yake”. Rwanda iliachiwa yake.

Kikosi cha Umoja wa Mataifa kule Rwanda kiliundwa tarehe 5 Oktoba 1993, siku mbili tu baada ya vita vya Mogadishu vilivyoua wanajeshi 18 wa Marekani. Hofu ya Mogadishu iliketi mezani tangu siku ya kwanza. Kikosi kilikuwa na askari wapatao 2,500, wachache wakiwa na silaha za maana. Tarehe 11 Januari 1994 kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliandikia New York kwamba mtoa habari kutoka ndani ya wanamgambo amemweleza zilikofichwa silaha na kwamba Watutsi wanaorodheshwa. Aliomba ruhusa ya kuzikamata. Alikataliwa. Huo ulikuwa karibu miezi mitatu kabla ya mauaji kuanza, na ndio wakati ambapo kuzuia kungegharimu kidogo kuliko wakati mwingine wowote.

Tarehe 7 Aprili askari wa serikali waliwaua wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi hicho, kwa hesabu kwamba Wazungu wakiona damu yao wataondoka. Hesabu ikatimia. Itazame shule ya ufundi ya Kicukiro, Kigali, tarehe 11 Aprili. Ndani ya uzio kulikuwa na watu kama 2,000 waliokimbilia bendera ya Umoja wa Mataifa. Walinzi wao walikuwa askari wa Ubelgiji wasiofika 100. Nje ya lango wanamgambo walikuwa wakisubiri na mapanga. Ikaja amri: askari waende uwanja wa ndege kusaidia kuhamisha raia wa kigeni. Magari yakatoka, wanamgambo wakaingia. Walionusurika papo hapo wakaswagwa mpaka kilima cha Nyanza na kuuawa huko siku ileile. Idadi ile ndogo ya askari, kwa kukaa tu pale langoni, ilikuwa imewazuia wauaji kwa siku nne.

Baada ya hapo Baraza la Usalama, ambamo mwakilishi wa serikali ya wauaji alikuwa na kiti, likapunguza kikosi hadi watu 270 kwa azimio la tarehe 21 Aprili. Dallaire aliomba askari 5,000. Tarehe 17 Mei likapita azimio la kumpa 5,500, lakini azimio si askari. Magari 50 ya deraya yaliyoombwa Marekani yalikwama kwa wiki nyingi katika mabishano ya nani alipe gharama ya kuyakodi, nani alipe usafiri, na yapakwe rangi gani. Redio RTLM ilikuwa ikitangaza majina ya watu na mahali walipojificha. Maofisa wa Washington walipoulizwa kama inaweza kuzimwa kwa ndege ya kuvuruga mawimbi, walijibu Mei 1994 kwamba ni ghali, dola 8,500 hivi kwa saa moja ya kuruka. Ndani ya siku 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000. Aliyesimamisha mauaji ni jeshi la waasi la RPF kwa vita vyake, si mataifa makubwa.

Je, 5,000 wangetosha? Kwa watu milioni 7 hao ni wachache mno. Hawafiki askari mmoja kwa raia 1,000. Lakini wauaji wengi walikuwa na mapanga, vizuizi vya barabarani na redio, na Kicukiro ilionyesha kwamba hawakuwa na hamu ya kupambana na mtu mwenye bunduki. Hapo penye shule, kanisa na uwanja wa mpira, kikosi kidogo chenye amri ya kupiga kingeokoa maelfu kwa maelfu. Darfur ni hesabu nyingine kabisa. Kikosi cha pamoja cha Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika kilichoidhinishwa Julai 2007 kiliruhusiwa watu 26,000 hivi, kwa eneo dogo kidogo tu kuliko Kenya nzima. Ni kama mtu mmoja kwa kila kilomita 19 za mraba. Shehena ilitoka bandari ya Port Sudan, zaidi ya kilomita 1,500, kwa njia ambazo mvua za katikati ya mwaka huzifanya matope. Helikopta 24 zilizohitajika zilikosekana kwa muda mrefu, na serikali ya Khartoum ikachelewesha viza, vibali vya kuruka na makontena forodhani. Kikosi cha namna hiyo hakihitaji kushindwa vitani. Kinakufa njaa kwenye makaratasi.

Nimekaa sana kwenye hesabu kwa sababu hapa ndipo uingiliaji unapoharibika, na wanaoupigia debe ni nadra kuzitaja. Mwaka 1993 Srebrenica na miji mingine ya Bosnia ilitangazwa “maeneo salama”. Umoja wa Mataifa ulisema kuyalinda sawasawa kunataka askari 34,000. Nchi zikachagua njia nafuu, 7,600. Raia wakaambiwa wako salama, wakabaki, na Julai 1995 wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wakauawa Srebrenica mbele ya kikosi cha Uholanzi kisichofikia 500. Ahadi ya ulinzi isiyo na askari ni mbaya kuliko kutoahidi, kwa sababu humfanya mtu akae mahali ambapo angekimbia.

Mabomu peke yake nayo hayamlindi mtu nyumbani kwake. Kosovo, jimbo la Serbia wakati huo, 1999, NATO ilipiga kwa siku 78 bila idhini ya Baraza la Usalama, ndege zikiruka juu sana ili zisitunguliwe, na katika siku hizohizo vikosi vya Serbia viliwafukuza watu zaidi ya 800,000 kutoka makwao. Walirudi, ni kweli, lakini waliorudishwa walirudi chini ya askari wa miguu wapatao 50,000, kwa wakazi milioni 2. Mnaona tofauti na Darfur.

Libya iliharibu jambo jingine, nalo ni imani. Azimio la tarehe 17 Machi 2011 lilipita kwa kura 10, nchi 5 zikijizuia, kwa madhumuni ya kulinda raia. Lilitekelezwa mpaka Gaddafi akaanguka, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na mpango wa kesho yake. Silaha zikatiririka kuelekea Sahel. Tangu siku hizo kila linapoletwa azimio la kulinda raia, Urusi na China husema: tuliwaona Libya. Waliolipa bei ya udanganyifu ule ni watu wa nchi nyingine ambao hawakuwahi kuulizwa.

Kuna iliyofaulu? Ipo. Timor ya Mashariki, Septemba 1999: Australia iliongoza kikosi kilichotua siku tano tu baada ya azimio la Baraza la Usalama. Indonesia, iliyokuwa ikiitawala Timor, ilishurutishwa kukubali, kwa fedha za mikopo yake na kwa kukatiwa uhusiano wa kijeshi na Marekani. Idhini ilikuwepo, askari walikuwa karibu, na kazi ilikuwa na mpaka. Vietnam iliuondoa utawala wa Khmer Rouge kule Kambodia Januari 1979, ikasimamisha mauaji yaliyokwisha kula watu wapatao milioni 1.7, lakini ilikaa miaka 10, na baadhi ya mataifa makubwa yakaendelea kuwaachia Khmer Rouge kiti chao Umoja wa Mataifa. Na wazee wenu watakumbuka Kagera. Mwalimu Nyerere hakudai kwamba anakwenda kuwaokoa Waganda. Alidai haki ya kujilinda baada ya Amin kuvamia ardhi ya Tanzania, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alilaumiwa na baadhi ya wenzake Afrika, na nchi yake maskini ililipa gharama peke yake.

Kwa hiyo mtu akikwambia taifa fulani liingie mahali, muulize. Limeacha kuwauzia silaha wauaji na wanaowafadhili? Kama bado, tuanze hapo, maana hiyo haihitaji azimio wala risasi. Nani ametoa idhini, na imeandikwa kikomo? Askari wangapi kwa raia wangapi, na watalala wapi, watakunywa maji ya wapi? Wakishambuliwa siku ya kwanza, watabaki? Na hao wanaoombwa kuokolewa wanataka nini? Majibu ya maswali haya yakiwa ya juujuu, uingiliaji huo utaishia kama Srebrenica.

Kuhusu Manda: wanajeshi wa Marekani walioko pale wako kwa ajili ya vita dhidi ya Al-Shabaab, na Januari 2020 walishambuliwa wakauawa Wamarekani watatu. Kuwa na jeshi karibu hakumaanishi lina amri, wala nia, ya kwenda kulinda raia wa Darfur.

El Fasher yenyewe ni mfano mchungu wa hatua za awali kurukwa. Mji ulizingirwa tangu 2024. Baraza la Usalama lilitaka mzingiro uondolewe kwa azimio la Juni 2024. Picha za setilaiti zilionyesha tuta la udongo likijengwa kuuzunguka mji, ili asitoke mtu. Marekani ilikuwa imekwishatangaza Januari 2025 kwamba RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, wametenda mauaji ya kimbari. Mji ukaanguka tarehe 26 Oktoba 2025. Hakuna aliyekosa kujua. Darfur ina vikwazo vya silaha tangu 2004, na silaha zikaingia. Sudan iliishtaki Falme za Kiarabu The Hague kwa madai ya kuwapa silaha RSF, madai ambayo Falme hizo zimeyakana. Mei 2025 kesi ikafutwa bila kusikilizwa kwa undani, kwa kuwa Falme hizo zilipojiunga na mkataba ziliweka sharti la kutokubali mamlaka ya mahakama hiyo. Kubana fedha na silaha za wapiganaji, kwa nchi yenye nguvu kama Marekani, ni kazi ya simu na benki. Kwa maoni yangu hapo ndipo lawama nzito ilipo, kabla hatujafika kwenye ndege.

Na sisi tusio na manowari? Gambia, nchi yenye watu wasiozidi milioni 3, iliishtaki Myanmar mwezi Novemba 2019 kwa ajili ya Warohingya, Waislamu wachache wa nchi hiyo, na Januari 2020 mahakama ikaamuru walindwe. Afrika Kusini ilifanya vivyo hivyo kuhusu Gaza tarehe 29 Desemba 2023, ikapata amri za muda mwezi uliofuata, ingawa hukumu kamili bado na Israel inayakana mashtaka. Umoja wa Afrika, katika ibara ya 4(h) ya sheria yake ya msingi, umejipa haki ya kuingia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari. Desemba 2015 uliidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi. Bujumbura ikakataa, na mwezi uliofuata marais wakarudi nyuma. Kenya yenyewe mwaka 2008 iliokolewa bila askari hata mmoja wa kigeni, kwa siku 41 za upatanishi wa Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa, huku mataifa makubwa yakiwabana wanasiasa kwa viza na misaada. Lakini pia Februari 2025 RSF na washirika wake walikutana Nairobi wakatia sahihi hati ya serikali yao. Serikali yetu ilisema inatoa jukwaa la amani. Rudini kwenye hukumu ya 2007: wajibu hupimwa kwa mkono ulio nao juu ya wauaji. Anayewapa ukumbi ana mkono. Hilo mbunge wenu anaweza kuulizwa, kwa barua yenye tarehe, na atakiwe kujibu kwa maandishi.

Jambo la mwisho ni la simu zenu. Kama mna ndugu au jamaa walioko Sudan na wanawatumia video, msizisambaze tu. WhatsApp hubana video na kuondoa taarifa zilizomo ndani ya faili, kama saa na mahali iliporekodiwa. Mwombeni aliyerekodi aitume kama faili, kwa njia ya “waraka”, na yeye abaki na ile ya asili bila kuikata, kuitia maandishi wala muziki. Andikeni pembeni nani alirekodi, siku gani, mahali gani, na alama gani inaonekana: mnara wa msikiti, tangi la maji, duka. Wekeni nakala mbili mahali tofauti. Sura na jina la shahidi visipande mtandaoni. Aliyeumizwa asihojiwe mara tano na watu watano, kwani maneno yakipishana kidogo wakili wa mshtakiwa atayashika hayo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ina mamlaka juu ya Darfur tangu Machi 2005, na mwendesha mashtaka wake hupokea ushahidi kwa mtandao kutoka kwa mtu yeyote. Ali Kushayb, kiongozi wa wanamgambo wa Darfur, alitiwa hatiani huko tarehe 6 Oktoba 2025 kwa makosa ya miaka ya 2003 na 2004, kwa hiyo faili mtakayoihifadhi leo iwekeni mahali ambapo baada ya miaka 20 itafunguka.